Herufi Niliyomharibia

Nilisoma mpaka darasa la saba, nikaishia hapo. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, na tangu zamani nakiandika vizuri kuliko ninavyokisema, kwa sababu nikiandika naweza kufuta. Ndiyo maana mpaka leo nashangaa kwamba mtu mzima aliwahi kukaa mbele yangu akasema, nisaidie.

Alikuwa mpangaji katika nyumba ya wageni huko Mengo, ninakofanya kazi ya kufua na kupiga pasi. Alitoka Kolombia, na lugha yake ni Kihispania. Alikuja Kampala kujitolea, muda wake ukaisha, akapata habari ya kazi ya upishi katika shule moja ya watoto wadogo. Walimwambia akipita usaili, binti yake wa miaka sita, aliyebaki kwa bibi yake Kolombia, atapewa nafasi ya kusoma palepale. Usaili ungekuwa kwa Kiingereza. Alibakiwa na wiki sita.

Mwalimu hakuwa naye, kwa hiyo alijifundisha. Jikoni alibandika vikaratasi juu ya kila kitu, kisu, sufuria, mlango, mkebe wa mchele, na hakugusa kitu kabla ya kusoma kikaratasi chake kwa sauti. Asubuhi alifungua redio akarudia maneno ya mtangazaji, nusu hatua nyuma yake. Akiosha vyombo alijisimulia anachofanya: sasa nasugua sahani, sasa naifuta. Jioni aliandika sentensi tano za siku yake bila kufungua kamusi, ndipo akatafuta makosa. Halafu alijirekodi kwenye simu, akajisikiliza huku amekunja uso.

Siku moja alinikuta napiga pasi. Akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Sikio langu linanipendelea. Nataka sikio la mtu wa hapa."

Nikamwambia, "Ndiyo, Madamu."

"Dada. Sema dada."

"Ndiyo, Madamu dada."

Alicheka mpaka akashika meza. Tangu siku hiyo alisoma vikaratasi vyake mimi nikisikiliza.

Mwenye nyumba ni mama Mkenya, mfanyabiashara, mtu wa sauti kubwa. Alitukuta.

"Haki Uganda kuna mambo! Huyu ambaye kunisalimia tu ni kazi, leo ni ticha wa Mzungu?"

"Anajifundisha mwenyewe, Mama. Mimi nasikiliza tu."

"Sikiliza basi. Lakini ile R yenu usimpe. Utamlisha chawa huyo!"

Utani huo wa chawa nilikuwa nimeuzoea. Niliuona ni dharau tu ya Wakenya kwa midomo ya Kampala, sikuwahi kuuliza maana yake.

Na kwa kweli nilimsaidia. Alikuwa na tabia ya kutanguliza "e" kwenye maneno yanayoanza na "s", shule ikawa "eskul", kijiko kikawa "espun". Nilimwambia aanze na sauti ya mafuta yanapopata moto kwenye kikaango, sss, ndipo aingize neno. Baada ya wiki mbili ile "e" ilipotea. Sijawahi kujivunia kitu namna ile.

Kisha nikaigusa R yake. Aliivuta kwa nguvu mwanzoni mwa neno, ikanguruma kama bodaboda inayopanda kilima. Mchele kwa Kiingereza ni "rice", naye alilisema neno hilo kwa ngurumo. Masikio yangu hayakuipenda. Nikamwambia, ilainishe. Akailainisha. Nikamwambia, bado, sema kama mimi. Akanitazama mdomo, akasema kama mimi. Nikatikisa kichwa kwamba sasa ni sawa.

Zikiwa zimebaki siku sita, aligundua njia nyingine: unaitamkia simu neno, inakuletea picha. Picha ikiwa sahihi, neno limetoka sahihi. Aliniachia simu akaenda kuanua nguo zake. "Jaribu na wewe," alisema. Nilisubiri mpaka hatua zake zikaisha kwenye ngazi.

Nikasema sukari kwa Kiingereza, ikaja sukari. Nikasema kijiko, kikaja kijiko. Nikasema mchele, na kioo kikajaa wadudu, weupe, wana miguu, wameshika nywele za mtu. Chawa. Nikarudia polepole. Chawa wengine. Nikajaribu neno la barabara, "road", wakaja watu waliobeba mizigo.

Hapo ndipo utani wa mama mwenye nyumba ulipofunguka: chawa kwa Kiingereza ni "lice", na mzigo ni "load". R yangu ilikuwa L.

Nilikulia katika kambi ya polisi. Baba alitoka kaskazini, mama kwingine, nyumbani tukasema Kiswahili. Lakini nje nilicheza na watoto wa Kiganda, na katika Luganda R haikai mwanzoni mwa neno, inageuka L. Nilipokuwa mdogo mama aliniambia "sema rudi", nikasema "ludi", mpaka akachoka akaacha. Mimi nilidhani nimepona, kumbe ni yeye aliyechoka. Na huyu dada alikuja na R nzima kutoka kwao, isiyo na kasoro ila nguvu, mimi nikaitoa nikaweka yangu.

Aliporudi na nguo begani aliniuliza, "Imeleta picha?"

"Imeleta," nikasema.

Siku tano sikumwambia. Kila jioni alifanya mazoezi ya orodha yake ya chakula cha watoto, Jumatatu wali na maharage, Jumatano wali na samaki, na kila alipoifikia Jumatatu au Jumatano ya orodha nilisikia chawa. Kusema ningehitaji kutamka neno lenyewe, na nisingeweza kulitamka.

Asubuhi ya usaili niliandika. Mimi huandika polepole, chai yangu ilipoa. Nilibandua kikaratasi cha mkebe wa mchele, nikaandika nyuma yake kwa Kiingereza: R yangu ni mbaya. Yako ya kwanza ilikuwa nzuri. Tumia ya kwenu. Nisamehe.

Alisoma akiwa tayari amevaa viatu. Hakukasirika. Ingekuwa rahisi angekasirika. Aliuliza tu, "Tangu lini unajua?"

Nikamwonyesha vidole vitano.

Alikitia kikaratasi mfukoni akatoka.

Alirudi saa saba mchana, akakaa jikoni bila kuvua viatu. Alisema aliliogopa neno lile hata akalikimbia. Walipomuuliza watoto watakula nini, alisema viazi. Jumanne? Viazi. Jumatano? Ndizi. Walimuuliza kama hajui kupika wali, akatikisa kichwa kwamba hajui, na wao wakaandika kitu. Walisema watampigia.

Hawakupiga. Baada ya wiki tatu alirudi kwao kwa binti yake. Labda walipata mpishi mwingine mapema. Labda ni viazi. Hakuna aliyetueleza, na mimi nimebaki na zile siku tano.

Mama mwenye nyumba alitaka vikaratasi vitolewe. Nikamwomba aviache.

"Niviache vya nini? Mzungu ameenda."

"Nasoma mimi, Mama."

Alinitazama, safari hii bila mzaha. "Haya. Lakini R uniulize mimi."

Namuuliza. Ananivutia R yake kama anayeita kuku, namfuata. Mwezi uliopita ulikuja ujumbe wa sauti kutoka Kolombia. Dada ananisalimu, binti anasikika nyuma yake, halafu anasema neno la mchele kwa ngurumo ile ya kwanza, na anataka nimjibu kwa sauti, siyo kwa kuandika. Nimejirekodi mara nyingi, nimefuta mara zote. Jana nilisimama mbele ya mkebe, nikaitamkia simu yangu neno lile. Ikaleta mchele. Nikarudia nipate hakika. Ikaleta chawa.