Kibao cha Namba Kwenye Baiskeli

Baba mkwe wangu nilimjua kwa namba ya gari kabla ya sura, na sura yenyewe sikupata kuijua sawasawa. Kwetu Kyela mkamwana hakutani na baba wa mumewe. Hamtazami, hamsemeshi, na akimwona anakuja njiani huingia migombani, akachuchumaa na kumpa mgongo, kanga kichwani, mpaka apite. Nilipoolewa Bujonde kanisa lilikwishalegeza mambo mengi, lakini ukoo wa mume wangu ulikuwa bado umeushikilia mwiko huo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nami nikaushika.

Kwa bahati baba mkwe hakuwa mtu wa kukufumania. Alikuwa na gari la kijani la viti viwili, gari la mwendo kasi la zamani, paa lake turubai. Aliachiwa na Mzungu wa mashamba ya chai kule Tukuyu, ambaye yeye alikuwa dereva wake miaka mingi. Lilikaa chini mno, hivyo masika yote lilishinda juu ya mbao likingoja barabara ikauke. Mbele lilibeba kibao cheusi chenye namba nyeupe, fupi, za enzi za mkoloni, na kila Jumamosi alikisugua kwa majivu ili king'ae Jumapili mlangoni mwa kanisa. Mimi nikiona ule weupe kwenye kona tu, nimeshazama migombani.

Mara moja tu alinikuta. Gari lilikuwa kwa fundi, akaazima baiskeli. Nilikuwa natoka mashineni kukoboa mpunga, beseni la mchele kichwani, na baiskeli zilikuwa zinanipita kama kawaida, zote nyeusi, zote za Kichina. Darajani nikainua macho, tukawa uso kwa uso. Beseni liliniponyoka, mchele ukaenda na maji, nami nikajitupa chini ukingoni nikilia kwa aibu. Yeye aligeuza baiskeli akarudi alikotoka. Siku kadhaa sikutoka uani.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Malori yakaanza kugombania mchele wetu, na mjini wenye maduka wakaleta magari ya Kijapani yaliyofanana kama mayai. Mfanyabiashara mmoja wa sukari wa mjini, ambaye wazee wake walitoka pwani, akaona njia ya kuwazidi wenzake ni kuwa na gari la kikale lenye namba ya kikale. Akaja kwa baba mkwe. Wakati huo nyumba yetu ilikuwa imesimama kuta tupu, na baba mkwe alikwishamwambia mume wangu kwamba atauza gari lile tupate bati.

Mambo yakakwama kwenye kibao. Baba mkwe alisema gari chukua, kibao hapana. Mfanyabiashara akasema kibao kipya chenye namba ileile angeweza kuchongesha hata kesho, lakini watu wangejua ni kipya, na fahari yote ilikuwa kwenye kile cha zamani. Alikuja mara tatu. Mwishowe alilichukua gari bila kibao, kwa bei ya chini, na bati zikatosha upande mmoja wa nyumba. Upande wa pili tukaezeka nyasi.

Nilikasirika, sifichi. Mvua za Kyela mnazijua. Nilimwambia mume wangu kwamba majivuno ya baba yake yananyesha kitandani kwa watoto wangu.

Juma lililofuata baba mkwe alionekana barabarani juu ya baiskeli, kile kibao amekifunga mbele ya usukani kwa vipande vya mpira, kimesuguliwa kinawaka. Mji mzima ulicheka. Kule mashineni wanawake walisema gari ni lilelile, limepungukiwa magurudumu mawili tu. Nilicheka kuliko wote, na kicheko changu kilikuwa na chuki ndani yake. Hata mimi nilikuwa na kioja changu: gari la kijani likipita, miguu iliniingiza migombani yenyewe, nikampa mgongo wa heshima muuza sukari.

Siku moja nilikuwa na mama mkwe tunapasua kakao. Nikamtania, nikamuuliza mzee ataacha lini kuringia watu kwa kibao. Akaweka panga chini.

"Mwanangu, anamringia nani? Siku ile ya darajani alirudi hakula. Alisema baiskeli zote zinafanana, na wewe huwezi kumtazama usoni. Alipouza gari akaniambia, 'Nikitoa na kibao, mtoto wa watu atanijuaje?'"

Nikakumbuka kwamba tangu gari liuzwe, baiskeli zilivyojaa barabara ile, sikuwahi kukutwa hata mara moja.

Kesho yake nilikuwa natoka mashineni. Ng'ambo ya daraja nikauona ule weupe, mbali kabisa, nikapata nafasi ya kulitua beseni taratibu bila kumwaga punje. Nikaingia migombani, nikachuchumaa na kumpa mgongo. Nilipomsikia karibu, niliuambia mgomba uliokuwa mbele yangu, kwa sauti ya kufika barabarani, "Ndaga fijo, tata." Asante sana, baba.

Mnyororo wa baiskeli ukanyamaza kidogo, kisha ukaendelea. Nilikaa pale mpaka magoti yakafa ganzi.