Oili Ndani ya Rejeta, Njia ya Kilifi

Baba husafishwa damu kwa mashine hospitalini Kilifi mara mbili kwa wiki, na wiki hiyo alikuwa amekosa zamu moja kwa sababu gari letu lilikuwa gerejini. Gereji yenyewe ni ya mdogo wangu Omari, hapa Mambrui. Gari ni pikapu ya dizeli ya milango minne, ambayo Baba aliinunua enzi akiwa na nguvu za kupeleka nazi Malindi. Maji ya rejeta yalikuwa yameanza kuchanganyika na oili. Omari akasema gasketi ya hedi imeungua, ile inayozuia maji na oili visikutane pale kichwa cha injini kinapokalia. Akafungua injini, akatia gasketi mpya, akafunga. Aliponikabidhi ufunguo alisema, “Dada, hili sasa hata Lamu litafika.”

Tuliondoka Mambrui baada ya sala ya alfajiri. Baba tulimkalisha nyuma na mito miwili, miguu imevimba hadi magotini, akivuta pumzi kama mtu aliyepanda ngazi. Mimi ndiye dereva wake siku zote. Omari alikaa kando yangu. Alitaka kuisikiliza injini, alisema, na kweli tangu tulipotoka alikuwa ameinamisha sikio, haongei.

Daraja la Sabaki tulilivuka vizuri, na Malindi tukaipita maduka yangali yamefungwa. Mshale wa joto ulitulia mahali pake. Nikaanza kupumua.

Tulipofika Gede, Omari akaniomba nisimame. Alifungua boneti akamulika tangi dogo la maji kwa simu yake. Nilishuka nikasimama nyuma yake. Juu ya maji palikuwa na utando mzito, rangi ya chai ya maziwa.

“Si ulisema umetengeneza?”

“Nimetengeneza. Haya ni mabaki, dada. Nilisuuza kwa maji matupu, na mafuta hung’ang’ania ndani ya mipira ya maji.” Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakitumbukiza tena. Oili ilikuwa safi, haina weupe wowote, na imefika alama ya juu. “Unaona? Maji hayajaingia kwenye oili.” Akauchota ule utando kwa kitambaa, akaongeza maji safi. “Mbele tutaangalia tena. Yakiwa mabaki, yatapungua.”

“Yakizidi je?”

Akafunga boneti, akarudi kukaa kando yangu.

Kutoka Gede, msitu wa Arabuko-Sokoke ukiwa kuume kwetu, niliendesha macho yakiwa zaidi kwenye mshale kuliko barabarani. Baba alikohoa, kikohozi cha majimaji ambacho muuguzi alinionya nikikisikia nisichelewe. Nilitaka kukanyaga mafuta. Omari aliweka mkono juu ya usukani. “Polepole. Tafadhali.”

Matsangoni tulisimama mbele ya kibanda cha mama mmoja muuza machungwa, Bi Kadzo, aliyekuwa akipakia magunia kwenye gari lake dogo. Safari hii sikuhitaji kumulikiwa. Utando ulikuwa umerudi, mzito kuliko wa Gede, umejaa hadi kwenye kifuniko. Omari akachomoa kijiti, akakitazama, akakifuta, akakitazama tena. Oili ilikuwa imeshuka chini ya alama ya mwisho.

Aliinama akatazama uvungu wa gari. Pakavu.

“Haimwagiki nje,” alisema. “Inaingia kwenye maji. Tukienda hivi, itakwisha njiani na injini ikamatane, isizunguke tena.”

“Basi gasketi yako ndiyo mbovu!”

“Ngoja.” Alitaka dumu moja la maji kwa Bi Kadzo, akaongeza oili aliyokuwa nayo, akasubiri rejeta ipoe, akaifungua, kisha akaniambia niwashe gari kidogo tu. Alikodolea macho mdomo wa rejeta. “Zima. Hakuna mapovu. Gasketi ikiachia, aghalabu moshi wa injini hupenya ukachemsha maji kama sufuria. Hapa kumetulia.” Alikaa chini, mgongo kwenye tairi. “Dada, kuna kipoza oili. Ni kisahani kilichofichwa ubavuni mwa injini. Oili hupita ndani, maji hupita nje yake. Kikitoboka, injini ikiwa inazunguka, oili husukumwa kwenye maji. Sikukifungua. Niliona oili majini, nikasema hedi, basi.”

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Lakini Baba aliita kutoka ndani, “Omari, limeharibika?”

“Ndiyo, Baba. Nami nilikosea.”

Baba akaegemeza kichwa kwenye mto. Sijui kama ni hasira au ni pumzi tu iliyomwishia.

Bi Kadzo alikuwa amekuja mlangoni, akamwona Baba. Hakuuliza mengi. Alishusha magunia yake mawili kutoka kiti cha mbele, akayatupa kibandani. “Mpandisheni huyu mzee. Machungwa hayafi. Na wewe mwanamke, kaa juu ya magunia huko nyuma.” Omari alimbeba Baba kifuani kama mtoto. Bi Kadzo akatia gari gia, tukamwacha Omari pale barabarani, mikono imejaa grisi, akifungua boksi la spana.

Kilifi tulifika kabla ya adhuhuri. Muuguzi alimtazama Baba mara moja tu akaita kiti cha magurudumu. Walimuunganisha na mashine, nami nikakaa kwenye benchi la nje nikiwa nimeshika viatu vyake. Nilimpigia Omari, akapokea akihema.

“Nimekitoa kile kipoza. Kina ufa, na ringi zake za mpira zimekauka kama ganda la muwa. Hedi haikuwa na kosa. Niliifungua bure.” Kisha akauliza, “Baba je?”

“Yuko kwenye mashine.”

“Alhamdulillahi.” Nikamsikia analia.

Nilitafuta kipoza na ringi kwenye maduka ya vipuri, nikampa bodaboda ampelekee. Niliporudi wodini pumzi ya Baba ilikuwa imetulia. Nikamweleza yote, na, nasema kweli, nilimweleza kwa namna ya kumshtaki ndugu yangu.

Baba alisikiliza hadi mwisho. “Mwanangu, kabla ya ugonjwa wa figo kujulikana nilinywa dawa za vidonda vya tumbo muda gani? Unakumbuka. Na aliyenipa ni daktari msomi. Siku moja akaniita mwenyewe akasema, mzee, nadhani nilikosea, tupime upya. Angeona haya, ningekuwa kaburini.”

Alasiri Omari alikuja kutuchukua. Alikuwa ametia kipoza kipya, akasuuza njia za maji kwa sabuni ya unga mara kadhaa. Alisimama mbali kidogo na kitanda. “Shikamoo, Baba.”

“Marahaba. Linatembea?”

“Linatembea. Lakini sijui bado kama limepona. Lazima tusimame njiani tupime.”

“Tutasimama.”

Tulirudi Omari akiendesha. Matsangoni tulisimama kumshukuru Bi Kadzo, naye akamtia Baba chungwa mkononi; tulilazimika kumwambia kwamba mgonjwa wa figo haruhusiwi, akacheka akalila mwenyewe. Hapo Omari alipima. Gede akapima tena. Kwenye tangi palikuwa na utando mwembamba, nikainama kuutazama karibu. Omari akanionyesha kijiti: oili iko palepale alipoiacha, hata unywele haikushuka. Utando ule sasa ulikuwa mabaki kweli.

Tulifika Mambrui kukiwa bado na mwanga. Nilifika Kilifi nikiamini kwamba fundi mzuri ni yule asiyekosea, na kwamba mdogo wangu hakuwa fundi. Sasa wateja wakiniuliza kama Omari anaaminika, huwaambia hivi: gari langu alilifungua bure, na ni yeye mwenyewe aliyeniambia. Siku za hospitali, Baba hapandi gari ambalo Omari hajaligusa.