Siku Tuliyochagua Shokapu ya Usukani

Ilianza Jumatano, saa tisa na robo alasiri. Dakika naijua kwa sababu nilikuwa nimetoka kuangalia saa kwenye simu ya baba, na mimi huangalia saa kila nikikosa pa kuweka macho. Tulikuwa tunapanda kutoka Masasi kurudi Newala, nyuma tumepakia mifuko ya salfa ya mikorosho. Gurudumu la mbele likaingia kwenye kishimo cha kawaida kabisa, na usukani ukaanza kucheza kulia kushoto, kulia kushoto, kama kichwa cha mtu anayekataa posa. Ukampiga baba kwenye kidole gumba. Akapunguza mwendo mpaka tukapitwa na baiskeli.

"Umeona?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Mimi ndivyo nilivyo. Darasani jibu ninalo, mkono haupandi.

Nyumbani alijilaza chini ya gari, hadtopu letu kuukuu, akafungua nati mbili na kunipa nishike kitu kilicholowa oili. Kilifanana na pampu ya baiskeli. "Shokapu ya usukani," alisema kutoka chini. "Imekufa. Hii ndiyo inayomeza mishtuko ya magurudumu isifike mikononi." Nikaivuta, nikaisukuma. Ilikuwa laini, haina ubishi wowote. Ila popote nilipoiachia, ilibaki hapo hapo. Hilo niliandika kwenye daftari langu jioni ile, sijui kwa nini. Huwa naandika vitu vya namna hiyo.

Jambo lililotukosesha raha halikuwa gari lenyewe. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa ametoka Kitangari kuja kwetu kwa ajili ya macho. Alitakiwa awe Ndanda hospitalini Ijumaa kabla ya saa nne, atolewe mtoto wa jicho, na tuliambiwa daktari anasafiri Jumamosi na haijulikani atarudi lini. Basi la abiria hapandi tena tangu limtapishe njia nzima mwaka jana. Kwa hiyo ilikuwa gari letu au asiende, na mteremko wa kushuka kutoka Newala una kona ambazo upande wa kushoto unaona vilele vya miti tu.

Alhamisi asubuhi baba akaniambia twende naye Masasi. Tulishuka polepole, yeye mikono imekakamaa, mimi mguu wa kulia unacheza wenyewe kana kwamba nina breki upande wangu.

Duka la vipuri lilikuwa limejaa wanaume. Fundi wetu alishafika, rafiki wa baba tangu ujana wao. Kwetu baba huitwa kwa jina la mtoto wa kwanza, na mtoto wa kwanza ni mimi, kwa hiyo kila walipomwita, nilishtuka nikidhani naitwa. Asubuhi ile nilishtuka labda mara kumi. Nikajibanza kwenye kona ya meza.

Mwenye duka, mtu wa bara mwenye maneno mengi, aliweka shokapu tatu. Moja ilikuwa fupi, ikarudishwa. Ya pili ilikuwa mtumba, nyeusi, imepauka, bado ina udongo wa nchi nyingine kwenye mikunjo. Ya tatu ilikuwa mpya, nene, nyekundu kama pilipili, imetoka kwenye boksi lake.

Fundi akaisimamisha ile nyekundu mezani, akaikandamiza kwa uzito wake wote, mishipa ya shingo ikamtoka. Alipoiachia, ikapanda yenyewe mpaka juu.

"Umeona mwenyewe!" alisema. "Hii ina roho! Ukiisukuma inakurudia. Hiyo nyingine ukiisukuma inalala, kama shemeji yangu akishashiba."

Watu wakacheka. "Shemeji yako si ndiye mimi?" mmoja akasema, wakacheka zaidi.

Baba aliigeuzageuza ile nyeusi. "Lakini hii ndiyo aina iliyotoka na gari."

"Na gari limetoka lini? Wewe unataka kumpeleka mama mkwe Ndanda kwa mtumba? Akikusikia atamchukua binti yake."

Wakati wanacheka, mimi nilikuwa naitazama ile nyekundu. Fundi alikuwa ameikandamiza tena na kuilaza mezani bila kuifunga kamba ya kuizuia, na ilikuwa inarefuka. Taratibu, kimya, kama konokono anayetoa kichwa. Ikasukuma kopo la chai la mwenye duka sentimita moja, mbili, tatu. Hakuna mwingine aliyeangalia.

Nikawaza: chini ya gari inalala hivi hivi. Ncha moja imeshikwa, ncha ya pili iko kwenye fimbo inayogeuza magurudumu. Ikirefuka yenyewe, itakuwa inasukuma magurudumu upande mmoja muda wote, mchana kutwa, bila kuchoka. Ile iliyokufa haikumsukuma mtu. Nikalihamishia kopo mbali kidogo.

Fundi akaniona. "Na huyu bubu wetu anasemaje? Binti, wewe ndiye msomi. Tuchukue ipi?"

Wote wakanigeukia. Baba pia, na yeye hakuwa anatania, alikuwa anauliza kweli.

"Sijui," nikasema.

Wakaifunga nyekundu.

Kwenye lami tulipotoka Masasi usukani ulikuwa umetulia kama umelazwa. Baba akafurahi, akapiga mluzi. Lakini niliiona mikono yake. Wa kulia ulikuwa unavuta kidogo, kila wakati, hata njia ikiwa imenyooka. Tulipoanza kupanda, shati lake lililowa mgongoni.

"Inavuta kushoto," alisema kama anaongea na gari. "Mpya hii. Itazoea."

Nilikuwa na nafasi ya kusema njia nzima. Nilihesabu mikorosho. Nilifungua kioo, nikafunga. Nikajiambia tukifika kwenye ile shule nitasema, tukaipita. Tukifika kwenye matangi ya maji. Tukayapita.

Jioni bibi alikuwa ameshafungasha: khanga mbili, kikombe chake, mafuta ya kujipaka. Akanisikia napita.

"Mke mwenzangu, njoo. Gari limepona?"

"Limepona, bibi."

"Vizuri. Nikafunguliwe macho nikuone vizuri. Naambiwa umenizidi uzuri, nataka nihakikishe kabla sijakuachia mume."

Babu alifariki zamani, lakini utani huo hauishi. Nikacheka, nikaenda kusimama nyuma ya jiko ambako hakuna mtu. "Sijui" na "limepona", yote mawili kwa siku moja, na kesho yule mwanamke asiyeona angekaa kiti cha mbele cha gari linalovuta kushoto, kwa sababu yangu.

Asubuhi yake, Ijumaa, baba alipowasha gari nilikuwa nimeshakaa ndani. Bibi akapandishwa mbele, mimi katikati. Tulipofika kwenye kipande kilichonyooka kabla ya mteremko kuanza, nikasema, "Baba, achia usukani."

"Nini?"

"Achia kidogo. Hapa hapa, polepole."

Akanitazama, kisha akainua mikono. Gari likaenda kushoto lenyewe, bila haraka, likaingia kwenye mihogo ya watu. Akakanyaga breki.

"Tumefika?" bibi akauliza.

Nikamweleza baba yote, kopo la chai na kila kitu, nikitazama magoti yangu.

"Jana ulijua?"

"Nilijua."

"Na uliulizwa."

"Niliulizwa."

Baba akachukua spana, akaingia chini, akatoka na ile nyekundu akaniwekea mapajani. "Bora usukani unaonipiga mikono," alisema, "kuliko wenye safari yake." Tukashuka mteremko kwa mwendo wa miguu. Kila shimo lilimpiga, na kila lilipompiga bibi alimwambia pole.

Masasi tulifika duka linafunguliwa. Baba alibaki garini ananyoosha vidole. "Nenda wewe," akasema. Nikaingia peke yangu, nikamwamkia mwenye duka shikamoo, akaitikia marahaba, nikaweka nyekundu na boksi lake mezani na kuomba ile nyeusi. Niliivuta. Ilibisha. Niliisukuma. Ikabisha vile vile. Nikaiachia katikati, nikakunja mikono.

"Unasubiri nini, binti?"

"Nasubiri nione kama itaondoka."

Nje honi ililia, ndefu. Bibi alikuwa ameipata kwa kupapasa. Mwenye duka akaangalia mlangoni, mimi sikugeuka. Nilihesabu mpaka sitini. Ilibaki pale nilipoiacha.

"Hii," nikasema.

Fundi alipofika, aliifunga bila utani. Saa nne kasoro dakika kumi tuliingia getini Ndanda, bibi amenishika kiwiko, nami namwambia palipo na ngazi.