Nilipiga marufuku salamu kwenye simu ya upepo Mafia, nikakosa mke

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yalinikuta mwenyewe, na kwa umri huu sina sababu ya kuwapiga fiksi.

Enzi za Ujamaa nilikuwa mwendeshaji wa simu ya upepo pale Kiegeani, Mafia. Kijiji kizima mashine moja, na tulipewa nusu saa tu kila asubuhi kuongea na Dar.

Sasa watu wa pwani na salamu!

Mtu ana dakika tatu. Shikamoo, marahaba, mama hajambo, watoto, mbuzi... muda umeisha. Alichokuja kusema hajasema, kesho anarudi foleni.

Kijana wangu, mhandisi wa mitandao, ananiambia eti hiyo ni game theory. Wote wakipunguza salamu, kila mtu anapata nafasi. Ukipunguza peke yako, wewe ndiye huna adabu. Basi hapunguzi mtu.

Mimi nikajifanya bingwa wa optimization, kubana muda usipotee, kabla neno lenyewe sijalisikia. Nikabandika tangazo ukutani: anayesalimu, namkata hewani.

Nilimkata hata mwalimu wa madrasa, hajafika "warahmatullahi". Foleni ikawa inaisha mapema. Nikatembea kijijini kama waziri.

Wakati huo nampenda Zaituni, naye ananitaka. Baba yake alikuwa kibarua bandarini Dar. Posa yangu ilishamfikia, akasema atanijibu hewani Jumamosi.

Jumamosi mzee akaingia hewani. Niliowakata wote wamenitolea macho, mwalimu wa madrasa mbele kabisa.

Nikameza shikamoo yangu. "Mzee, nasubiri jibu la posa. Ova."

Sauti ya mzee ikarudi:

"Binti yangu nimpe mtu asiyejua kuniamkia? Ova."

Na simu ya upepo haina siri, wakuu. Hadi mlinzi wa mnara wa taa Ras Mkumbi alisikia.

Nikabonyeza kitufe mbio, "Shikamoo baba!"

Mwalimu, kwa upole kabisa, akaninyooshea kidole kwenye tangazo. Nikajikata mwenyewe.

Zaituni aliolewa Chole. Iliniuma, sitaki kuficha.

Nilichojifunza: nusu ya foleni ile walikuja kusalimu tu. Salamu ndiyo ilikuwa ujumbe wenyewe, mimi nikaiona takataka inayoziba njia.

Leteni maoni, na matusi ruksa. Ila wa kuniuliza kama bado namkumbuka Zaituni aje PM, mke wangu anausoma huu uzi begani kwangu.