Kondoo Dume wa Bendi

Miaka ile ya utawala wa kijeshi nilikuwa mpiga ngoma katika bendi ya askari magereza, Luzira. Mbele yetu alitangulia kondoo dume mwenye pembe zilizopakwa rangi. Katika kila gwaride tulisimamisha sanamu la majani lililovalishwa nguo kuukuu, tukaliita mwizi. Ngoma kubwa ikilia mara tatu, kondoo alimkimbilia mwizi na kumpiga kichwa hadi aanguke. Watu walimshangilia yeye kuliko tarumbeta zetu zote. Alipokufa kwa uzee, kazi ikamwangukia mwanawe.

Mwana huyo nilimlea mimi. Mama yake alikufa akimzaa, nikamnywesha maziwa kwa chupa, na alipoanza kutafuna nikawa namletea maganda ya matoke mfukoni mwa kaptura yangu. Pembe alizirithi kwa baba yake. Ukali sijui uliishia wapi. Kuku walilala mgongoni mwake. Mbwa wa kota akimbwekea, alimsogelea amnuse kwa adabu. Nilipompeleka kwa mwizi wa majani, alijilaza miguuni pake akacheua.

Kiongozi wa bendi, sajenti mwenye kifua kama pipa, aliniamuru nimchokoze kwa fimbo mpaka apate hasira. Nilijaribu siku moja. Aliniangalia tu, nikaitupa fimbo. Madrasa nilifundishwa kwamba tutaulizwa jinsi tulivyowatendea wanyama, na jicho lile lilikuwa limeshaanza kuniuliza.

Sajenti akakata shauri. Mkubwa mmoja wa jeshi angekuja Jumamosi kutazama gwaride.

"Asipopiga," alisema, "Jumapili tunakula pilau. Na utachinja wewe, shehe. Nyama ya kisu chako ndiyo tunayokula wote hapa."

Hilo lilikuwa kweli, na sikuwahi kukataa amri.

Rafiki yangu mpiga tarumbeta, Mkatoliki kutoka kaskazini, alinicheka. "Kati yako na huyo kondoo, bado sijaona askari," alisema. Kisha akanipa shauri: nijaze maganda kwenye mifuko ya mwizi. Kondoo atayakimbilia, na kwa uzito ule lazima amwangushe. Mke wangu akamenya matoke ya kutosha kota nzima.

Jumamosi ngoma ikalia mara tatu. Kondoo akatoka kama risasi, watu wakainuka vitini, nami nikamshukuru Mungu mapema. Hatua mbili kabla ya kumfikia mwizi, akasimama. Akatia pua mfuko wa kulia, akatoa ganda, akatafuna taratibu. Akahamia wa kushoto. Akazunguka, akaukagua na wa nyuma.

Uwanja mzima ukanyamaza. Siku zile hakuna aliyecheka kabla ya mkubwa kucheka. Niliona shati la sajenti likilowa mgongoni. Mimi nilisoma kila dua niliyoijua, nikazirudia.

Mkubwa akainama mbele. "Sajenti, askari wako anafanya nini?"

Mpiga tarumbeta, ambaye hakuulizwa, akapiga saluti.

"Anampekua mfungwa, afande. Marehemu baba yake alikuwa anapiga kwanza."

Mkubwa alimtazama, akamtazama kondoo aliyekuwa bado na ganda mdomoni, kisha akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Hapo ndipo uwanja wote ukacheka. Alipopangusa machozi alisema kwamba huyu peke yake ndiye anayefuata utaratibu, na asiguswe.

Jumapili tulikula maharage. Namshukuru Mungu hadi leo, maana sijapata kuonja maharage matamu kama yale. Sajenti hakutaja tena pilau. Jioni alikuja nyumbani kwetu, mwizi wa majani begani, akamwomba mke wangu amshonee mifuko mingine miwili.