Wimbo Nilioupandisha

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo ningekuwa na uwezo ningeifuta. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, tunakaa Temeke, na sauti yangu ilikuwa gumzo la kanisa zima. Nikifungua mdomo tu, watu wanageuza shingo. Usinicheke. Koo hili unalolisikia leo hapa Goba, linalokwaruza kila asubuhi, liliwahi kuwaliza akina mama wenye roho ngumu.

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa Mzee Elieza, Mpare mmoja mpole, macho yake yameshaingia ukungu. Mashindano ya kwaya alikuwa ameyasindikiza miaka nenda rudi bila kushinda hata mara moja. Mwaka ule akatuambia, "Wanangu, baada ya haya narudi kwetu, macho hayanisaidii tena. Nataka niondoke na ushindi mmoja tu." Sie tukamwahidi. Mie niliahidi kwa kelele kuliko wote.

Ila mazoezini siendi. Naenda siku mbili, naruka tatu. Tabitha, mwenzangu wa sauti ya kwanza, akija kuniita namjibu, "Nendeni nyie mnaojifunza." Loo! Kiburi kile nilikuwa nakivaa kama gauni jipya.

Wiki ya mwisho Mwalimu akaushusha wimbo. Alisema ubeti wa tatu unapanda sana, tukianzia juu wengine hawatafika. Nikanuna. Kule chini sauti yangu haing'ai, sasa nani atanisikia?

Siku yenyewe ikafika. Kwaya ya Kimara waliingia na vitenge visivyofanana, tena wachache, nikacheka waziwazi: "Na hawa nao wamefuata nini, soda?" Zamu yetu ilipofika, Mwalimu akapuliza kifilimbi chake kutupa sauti ya kuanzia. Mwanzishaji wa wimbo nilikuwa mie. Nilikisikia vizuri kabisa. Kwa makusudi nikaanza juu zaidi.

Beti mbili za kwanza, vigelegele ukumbi mzima. Nikajua kombe letu. Ubeti wa tatu ulipopanda, Tabitha akakwama pembeni yangu, wavulana wa nyuma wakanyamaza mmoja mmoja, nikabaki peke yangu juu kule, na mie sauti ikakatika. Watu wakaguna. Jaji mmoja akaweka kalamu chini. Mwalimu, maskini, aliendelea kupunga mikono, anatutafuta kwa macho yasiyoona vizuri. Kimara wakaja wakaimba taratibu, wote pamoja, wakachukua kombe. Sie tukawa wa mwisho.

Hayo ya kushindwa ningeyasahau. Subiri, kuna baya zaidi.

Pale nje, mzee mmoja wa kanisa akasema mbele ya watu wote, "Elieza kazeeka huyu. Hata sauti ya kuanzia hawezi kutoa tena, katuaibisha!" Wenzangu wakaitikia. Mwalimu alisikia kila neno, na mie nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale. Neno moja tu lilitakiwa kunitoka. Nikainama, nikajifanya nafunga kiatu.

Watu walipotawanyika, Mwalimu alinisogelea akaniuliza polepole, "Mwanangu, kifilimbi ulikisikia?"

"Nilikisikia, Mwalimu."

"Ahaa. Nilidhani na masikio yangu nayo yameanza kuziba."

Akaenda zake. Angenipiga makofi ningeshukuru.

Sherehe ya kumuaga haikufanyika. Nani amuage mtu aliyetuaibisha? Aliondoka na basi la asubuhi, na begi lake moja. Nikajiambia nitamwandikia barua nimwombe radhi, nitamfuata hata Upareni. Nikaolewa, nikazaa, mwaka huu nikasukumia mwaka ujao, na barua sikuandika. Siku tangazo la msiba wake linasomwa kanisani nililia mpaka watu wakadhani ni ndugu yangu. Na hapo pia sikusema kitu. Woga mtupu!

Nilikuja kusimama kwenye jubilei ya kwaya, nywele zimeshaingia mvi, nikaeleza mbele ya usharika wote kwamba kosa lilikuwa langu, halikuwa la Mwalimu Elieza. Nilitegemea watanizomea, na kwa kweli nilitaka wanizomee. Vijana wakatazamana. Mmoja akamuuliza mwenzake, "Elieza ndiye nani?"

Nikakaa chini.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukijaliwa kipaji, usikitumie kuwaacha uliosimama nao. Kubali kuelekezwa, hata unapoona unajua. Na siku ukikosea, sema siku ileile, mdomo ukikauka sema hivyohivyo, hasa ukiona mwingine anabebeshwa lako. Usingoje upate ujasiri. Mie nilipoupata, niliyemkosea yuko kaburini, na waliomsingizia nao wengi wameshazikwa, wamekufa wakiamini mzee yule alituangusha. Hakuna wa kunisamehe, na hakuna aliyebaki ambaye mbele yake ningemsafishia jina.

Mungu akukinge na sifa za watu. Akupe wepesi wa kusema "nimekosa", na kila utakayemkosea amweke hai mpaka umfikie. Nenda, mwanangu, ubarikiwe.