Ajua vitanda vya soko zima, ila cha bintiye

Asubuhi ya siku ya soko, katika mji mdogo wa Kwa Vonza, Kitui. Wembe uko mkononi mwa Mwongeli, na Muindi amefumba macho kama mtu anayesubiri sindano.

Godoro lake jipya limelazwa juu ya meza mbili mbele ya duka la nafaka, kwenye kibaraza anaposhonea Mwongeli. Bado limo ndani ya nailoni yake ya kiwandani, linang'aa. Amelileta kwa pikipiki, limefungwa kwa mipira, na njia nzima watu wamelitazama. Hiyo peke yake ilikuwa nusu ya raha ya kulinunua.

"Mama, kwani ni lazima?" anauliza. "Hii karatasi si ndiyo inalilinda?"

"Inalilinda na nani? Na wageni?"

"Wakija kuona mtoto, wajue ni jipya."

"Wataona mtoto, baba. Hakuna anayefunga safari kusalimia godoro."

Wembe unapita kutoka upande hadi upande. Nailoni inafunguka kwa mlio mrefu, na Muindi anashika kichwa kwa mikono miwili. Kutoka kwa wanawake waliokaa kibarazani sauti moja inasema, "Pole, Muindi. Mazishi ni lini?" Kicheko kinachofuata kinamtoa muuza nyanya kwenye kibanda chake, aje aone amepitwa na nini.

Mwongeli, mama wa miaka hamsini na mitatu, ni fundi wa cherehani. Zamani alishona sare za shule kama mafundi wengine. Siku hizi anajulikana kwa kazi moja: kuvalisha magodoro ya wanawake ambao miezi yao imekaribia. Kuanzia Kwa Vonza hadi Kitui mjini, mwanamke akitoka kliniki ameambiwa ajitayarishe, kuna mtu atakayemwambia apitie kwa Mwongeli.

Adui wake mkubwa ni hiyo nailoni ya dukani. Huku kwetu mtu akinunua godoro huliacha na karatasi yake, miaka hata mitatu, na anayeitoa huonekana hana adabu kwa mali yake.

"Hebu fikiria mama wa mimba ya miezi minane kwa joto hili," anasema Mwongeli huku akikunja ile nailoni kuwa kitita kidogo. "Yeye mwenyewe ni jiko. Jasho linapita shuka, linafika kwa nailoni, linakosa pa kwenda. Akigeuka, kra kra kra, nyumba nzima imeamka. Halafu chupa inavunjika, maji yanapata tundu mahali, yanaingia na hayatoki. Godoro linaoza ndani na nje limevaa vizuri."

Vazi lake yeye ni jingine. Chini kabisa huweka raba laini, ile wauguzi huiita makintoshi, na juu yake kitambaa cha taulo, vimeshonwa pamoja. Havifuniki godoro lote, ni kuanzia mgongoni hadi magotini tu. Pembeni kuna mikanda minne inayopita chini ya godoro na kufungwa kwa nguvu, kwa sababu raba iliyolegea, anasema, haifai kabisa karibu na uso wa mtoto mchanga.

Kisha kuna ule ujanja uliompa jina. Kitanda hutandikwa mara mbili: vazi, shuka, halafu vazi la pili na shuka la pili juu yake. Maji yakimwagika, au mtoto akifanya yake, unavuta ghorofa ya juu yote, unaitupa kwenye beseni, na chini yake kuna kitanda kikavu kinakungoja.

"Kitanda cha ghorofa," wanawake wanakiita. Aliyezaa jana hana nguvu ya kuanza kutafuta shuka.

Lakini kabla ya kukata, lazima fundi aulize swali. Hapo ndipo kibaraza hutega masikio.

"Analala upande gani?"

"Nani?" Muindi anauliza.

"Chifu! Mkeo, nani mwingine?"

"Alikuwa ukutani. Lakini siku hizi amehamia huku nje, juu ya kuamka kwenda choo."

"Na wewe uko ukutani?"

"Mimi niko... pale panapobaki."

Wanawake wanapiga makofi. Mwongeli hacheki. Anainama na chaki yake, anachora mstari kwenye godoro upande wa nje, anapima unene kwa kiganja, ndipo anaponyoosha utepe. Vazi lazima likae pale mwili unapolala hasa, vinginevyo ni pambo tu.

Kwa hiyo yeye ndiye anayejua. Anajua nani analala ukutani na nani mlangoni, nani ameweka mto katikati tangu Pasaka, na ni mzee gani wa kanisa aliyehamishiwa kwenye kochi. Wenzake wa kibarazani wamemwomba, wamemnunulia chai, wamemtishia. Hasemi.

"Siri za soko hili zote zimepita kwa hii futi yangu," anasema, akiuvuta utepe wa kupimia ulio shingoni. Halafu sauti yake inashuka. "Najua vitanda vya watu wote hapa. Cha Mbithe wangu sikijui."

Mbithe ni binti yake wa pekee. Ameolewa Makindu, kule Makueni, na Musyimi, fundi wa malori kando ya barabara ya Mombasa. Ana mtoto mmoja, na sasa ni mjamzito tena. Mwezi wake ndio huu.

Kwa Wakamba, mama mkwe na mkwe wake wa kiume wana heshima yao. Mama haingii chumba anacholala mkwe, hakioni kitanda chake, wala halali chini ya paa lake. Wengi wamelegeza siku hizi. Mwongeli na Musyimi hupeana mkono kanisani, hutaniana kwenye simu. Ila kitanda ni kitanda.

"Watu wananiambia, mama, wewe umeokoka, ingia tu," anasema. "Kuokoka nimeokoka. Lakini yule kijana ananiheshimu, na mimi sitaki aje aone aibu kulala mahali mama mkwe amepapasa."

Mtoto wa kwanza alipokaribia, Mwongeli alishona vazi zuri kuliko yote aliyowahi kushona. Alikisia vipimo kwa ukubwa wa vitanda vya madukani, akakisia na upande. Alipofika Makindu alilikabidhi kwa jirani aingie nalo, yeye akabaki sebuleni akitazama pazia la mlango.

Halikutosha. Godoro la Musyimi lilikuwa nene kuliko alivyodhani; mikanda haikufika chini, vazi likapanda na kujikunja katikati kama chapati. Chupa ilipovunjika, maji yalipita pembeni yote. Wakwe wa Mbithe walikimbia wakaleta turubai la kuanikia mahindi, wakalitandika, na ndilo Mbithe alilolalia na kichanga chake wiki zile za kwanza, mgongo ukimtoka vipele vya joto.

Mwongeli alikuwa amepewa malazi kwa mama mmoja wa kanisa. Mchana alikaa sebuleni, akipika uji, akimpakata mjukuu akiletewa. Ukuta ni mwembamba.

"Kila mtoto wangu akigeuka, nilisikia lile turubai likilia," anasema. "Mimi, fundi. Nimevalisha nusu ya Kitui, na wangu analalia turubai, na hapo katikati ni pazia tu."

Anachukua mkasi, anauweka chini tena bila kukata kitu.

Mjukuu huyo aliitwa Ndunge, jina la mama yake Musyimi, kama desturi inavyotaka. Wa pili akiwa msichana, zamu ni ya upande wa pili. Ataitwa Mwongeli. Bibi mwenyewe hapendi kulitaja hilo, lakini kibaraza kizima kinalitaja kwa niaba yake, na kuna mtu tayari amemshonea mtoto kofia.

Kazi hii haijamtajirisha. Vazi moja huliuza shilingi mia sita, na mtu akikosa pesa hupokea ndengu, yaani choroko. Kitambaa hukinunua kwa Barwaqo, mama Msomali mwenye duka la pili kutoka hapo, rafiki yake wa miaka mingi na mshindani wake mkubwa wa maneno.

Barwaqo haielewi heshima hii hata kidogo. "Kwetu binti akijifungua, mama anahamia," anasema, akiwa amesimama mlangoni pake mikono kiunoni. "Siku arobaini nzima. Mume ndiye anatafuta pa kulala! Nyinyi mnafanya kinyume."

"Nyinyi mnamfukuza mtu kwake," Mwongeli anamjibu.

"Anarudi. Anarudi amenona."

Ndiye Barwaqo huyu aliyekwenda Makindu majuzi kuchukua bidhaa zake, akapita gereji kumsalimu Musyimi. Akarudi na kitu ndani ya mfuko wa unga. Hakukitoa upesi. Aliagiza chai kwanza, akangoja kibaraza kijae, ndipo alipomwita mwenzake, "Abaayo, dada yangu, mkwe wako amekutumia zawadi ya ajabu. Kamba!"

Ilikuwa kamba ya katani, imesokotwa upya. Ina mafundo. Kutoka mwanzo, ulioanzia ukutani, hadi fundo la kwanza ni upana wa godoro. Hadi la pili, urefu. Kipande kifupi cha mwisho, unene. Musyimi alipima mwenyewe, peke yake, mlango umefungwa, na ujumbe aliotuma ni huu: "Mwambie mama asikisie tena. Na mimi lile turubai nililisikia."

Kwenye sehemu ya upana, si mbali na mwanzo, palikuwa pamefungwa kitambaa chekundu chenye ua jeupe.

Mwongeli alikitambua kabla hajakishika. Ni pindo la leso ya kujifunga aliyompa Mbithe siku anaondoka nyumbani. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Alishika ncha ya kamba kwa mkono mmoja, akaushusha mwingine taratibu hadi kwenye chekundu.

"Ukutani," alisema. "Bado analala ukutani. Tangu mdogo. Alikuwa anaweka mguu ukutani ndiyo apate usingizi."

Barwaqo alimsogezea kikombe chake cha chai. Kisha mtu akauliza kama chai imekwisha, na kelele zikarudi.

Mavazi mawili ya Makindu yamekwisha kushonwa. Yamekunjwa kwenye mkoba pamoja na shuka na kofia ya yule ambaye huenda akawa msichana. Kamba haina kazi tena, ila imening'inia kwenye cherehani, na Mwongeli akikanyaga, kile kitambaa chekundu kinatikisika.

Muindi analipia mavazi atakayoyafuata jioni, analifunga godoro lake lililo uchi kwenye pikipiki, na kulifunika kwa koti lake ili watu wasimcheke. "Mama, nitalifikishaje na vumbi hili?"

"Pole pole. Na ukifika usilale upande wake, unasikia?"

"Nimesikia, mama."

Akishatoweka, Mwongeli anaeleza mpango wake. Ni Musyimi aliyeutoa, kwa simu, akizungukazunguka sana kabla ya kufika penyewe. Wiki ijayo Mwongeli atakwenda Makindu. Atalala kwa yule mama wa kanisa kama mara ya kwanza. Asubuhi Musyimi atalitoa godoro mwenyewe, aliweke uani kwenye mkeka, kisha aende zake gereji. Godoro likiwa uani, juani, ni godoro tu, si kitanda cha mtu.

"Nitalivalisha pale nje, na Mbithe amekaa kwa kiti ananiangalia na hilo tumbo," anasema. "Ghorofa ya kwanza, ghorofa ya pili. Nitafunga mikanda mwenyewe."

"Halafu?" Barwaqo anauliza kutoka mlangoni pake.

Mwongeli ananyoosha kitambaa kipya mezani, anakipapasa kwa kiganja, polepole, kama kuna mtu aliyelala juu yake.

"Halafu nitaweka mkono hapo anapolala. Kidogo tu. Nikiutoa, majirani walirudishe ndani."